Mwavuli Ndani ya Bomba la Karatasi

Norfolk ni mji mdogo katika jimbo la Nebraska, kwenye nyanda za mahindi zilizo katikati ya Marekani. Humo, mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliishi muuza viatu aitwaye Orville Carlisle. Saa za kazi alikuwa dukani akiwapimia watu viatu. Saa zilizobaki alikuwa mtu wa fataki, tena si mtu wa kuwasha utambi na kukimbia. Alizichunguza kifundi: baruti isagwe vipi, ishindiliwe kwa nguvu gani, karatasi ya bomba iwe nene kiasi gani ili ihimili moto bila kupasuka. Ndugu yake Robert alipenda ndege za mfano, na alikuwa akitoa mihadhara kuhusu urukaji. Alihitaji kielelezo cha kuwaonyesha wasikilizaji wake jinsi chombo kinavyopanda kwa nguvu ya roketi, basi akamwendea Orville.

Mwaka 1954 Orville alimpa alichokiita Rock-A-Chute. Ilikuwa roketi ya karatasi yenye mapezi mkiani na injini ndogo ya baruti iliyopachikwa kwa nyuma. Injini hiyo iliweza kutolewa ikiisha na nyingine kuwekwa mahali pake. Ukiitazama leo katika picha za jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington, hutaona kitu cha kukushangaza. Ajabu yake imo ndani.

Roketi ya fataki ya kawaida hupanda, hukawia kidogo, kisha moto wa mwisho hupasua kichwa chake na kutawanya nyota za rangi. Chombo chote huteketea kwa ajili ya sekunde moja ya urembo. Carlisle aliuchukua moto huo wa mwisho akaupa kazi nyingine: badala ya kupasua, usukume. Gesi yake ielekee mbele ndani ya bomba, iifyatue ncha ya roketi, na nyuma ya ncha utoke mwavuli. Roketi ishuke polepole, iokotwe, ipewe injini mpya, irushwe tena.

Hapo ndipo mchezo wenyewe ulipozaliwa. Mimi naamini kwamba historia ya roketi za mfano, tangu siku ile hadi leo, ni historia ya kushuka zaidi kuliko ya kupanda. Kupanda kulikwisha kujulikana karne nyingi nyuma, tangu Wachina walipojaza baruti kwenye mirija. Hata mwavuli haukuwa mgeni: tarehe 17 Julai 1929 Robert Goddard, baba wa roketi ya fueli ya kimiminika, alirusha roketi iliyobeba kipimajoto, barometa, kamera na mwavuli wa kuvirudisha chini. Kipya kwa Carlisle kilikuwa kuyaunganisha mambo hayo katika chombo ambacho mtoto angeweza kukimudu, chenye injini iliyofika mkononi ikiwa tayari, asilazimike kuigusa baruti yake. Serikali ya Marekani ilimpa hataza namba 2,841,084 tarehe 1 Julai 1958. Kichwa cha karatasi hizo kinaiita kazi yake kwa jina fupi tu: roketi ya kuchezea.

Kabla hataza haijatoka, mambo yalikuwa yamekwisha kumtoka mikononi, na ikawa heri. Mwanzoni mwa 1957 alisoma makala ya mtaalamu mmoja kijana, G. Harry Stine, aliyekuwa akifanya kazi kwenye uwanja wa majaribio ya makombora wa White Sands, katika jangwa la New Mexico. Stine alikuwa ameandika juu ya usalama: jinsi watu wa White Sands wanavyoishi na vyombo vya kuua bila kuuawa. Carlisle akamwandikia barua, kisha akamtumia sampuli za Rock-A-Chute. Stine, mtu aliyezoea kuona roketi ndefu kuliko nyumba zikilipuka, alizirusha zile za karatasi akakubali papo hapo kwamba alichokuwa akikitafuta kimeletwa na posta.

Alikuwa akitafuta njia ya kuwaokoa vijana waliojitengenezea roketi, na punde hatari yao ikazidi. Tarehe 4 Oktoba 1957 Umoja wa Kisovieti ulirusha setilaiti ya Sputnik, na katika muda wa miezi michache vijana wa Marekani walijaa vyumba vya chini vya nyumba zao wakijitengenezea makombora. Walichukua mabomba ya maji, wakayajaza vichwa vya vibiriti au mchanganyiko wa unga wa zinki na salfa, wakaziba upande mmoja na kutoboa mwingine. Bomba la chuma lililojazwa hivyo halitofautiani na bomu ila kwa nia ya aliyelijaza. Wengine walipoteza vidole, wengine macho, na wako waliokufa. Homer Hickam, mtoto wa mji wa migodi wa Coalwood, West Virginia, alianza kwa kuurusha angani uzio wa bustani ya mama yake. Yeye alikuwa na bahati, na alikuwa na mwalimu, Freida Riley, aliyemtia moyo. Mwaka 1960 alipata medali katika maonyesho ya kitaifa ya sayansi, na baadaye akawa mhandisi wa NASA. Kitabu chake cha mwaka 1998 kimewafanya wengi waione enzi hiyo kuwa ya kupendeza. Lakini roketi zake zilikuwa za chuma, na zilishuka kama chuma kinavyoshuka. Kwa kila Hickam mmoja walikuwako vijana waliobaki na makovu, na hao hakuna aliyewaandikia kitabu.

Stine mwenyewe Sputnik ilimkuta Denver, Colorado, akiwa mwajiriwa wa kampuni ya Martin iliyokuwa ikiunda kombora la Titan. Waandishi wa habari walipomuuliza, alisema wazi kwamba nchi yake imejikalia tu, na kampuni ikamfukuza kazi. Kufukuzwa huko kuliufaa mchezo wa roketi. Akiwa hana kazi, alianzisha kampuni iliyoitwa Model Missiles ili auze roketi za Carlisle, na mwaka huo huo wa 1957 akaanzisha chama, ambacho baadaye kilichukua jina la National Association of Rocketry, yaani NAR. Chama hicho kipo hadi leo. Mashindano yake ya kwanza ya taifa yalifanyika Julai 1959 karibu na Denver.

Stine aliingiza katika mchezo wa watoto nidhamu aliyoichota White Sands. Utambi uliachwa na umeme wa betri ukachukua nafasi yake, ili anayewasha asimame mbali na ashike ufunguo unaozuia mtu mwingine kuwasha. Roketi ikapewa fimbo ya chuma ya kuielekeza mpaka ipate mwendo, na hesabu ya kurudi nyuma ikasomwa kwa sauti kabla ya kila mruko. Chuma kikapigwa marufuku katika mwili wa roketi: karatasi, mbao na plastiki tu. Na kila roketi, bila ubaguzi, iwe na njia ya kurudi salama, la sivyo isiruke. Kanuni hiyo ya mwisho naiona ndiyo nguzo ya zote. Roketi ya karatasi ya gramu mia, ikianguka kwa ncha kutoka mita mia tatu bila mwavuli, inaweza kumjeruhi mtu vibaya. Ikishuka kwa mita nne kwa sekunde, mtoto huikimbilia na kuidaka kwa mikono.

Tatizo la Stine likawa injini. Carlisle alizitengeneza kwa mkono, na mikono miwili haiwezi kulisha taifa zima la watoto. Denver ilikuwa na ukoo wa Estes uliotengeneza fataki, na mwana wa ukoo huo, Vernon Estes, alikuwa na akili ya mitambo. Alipoombwa injini kwa maelfu, hakuajiri watu wa kushindilia baruti kwa nyundo. Aliunda mashine iliyofanya kazi kwa shinikizo la hewa na la kimiminika, ikapewa jina la Mabel. Mwanzoni mwa 1959 Mabel ilikuwa ikitoa injini moja kila baada ya sekunde tano na nusu.

Injini hiyo inastahili kufunguliwa na kutazamwa, maana hata leo imebadilika kidogo sana. Ni bomba la karatasi ngumu lenye urefu wa milimita 70 na kipenyo cha milimita 18. Chini kabisa kuna udongo mkavu ulioshindiliwa ukawa kama jiwe, wenye tundu katikati. Gesi hutokea hapo. Juu ya udongo ipo baruti nyeusi ya kusukuma. Juu ya baruti hiyo kuna tabaka la pili linaloungua polepole, lisilosukuma chochote, linalotoa moshi tu. Juu yake iko baruti laini isiyoshindiliwa, kidogo sana, na mwisho kabisa kifuniko chembamba cha udongo. Mabel ilikuwa ikiyapanga matabaka hayo kwa zamu na kuyashindilia, sawasawa kila mara, na kwa usawa huo kila injini ilifanana na mwenzake.

Matabaka hayo ni saa. Chukua injini iliyoandikwa C6-5. Herufi inaonyesha jumla ya nguvu, na kila herufi inayofuata huruhusu mara mbili ya iliyotangulia: A haizidi newton-sekunde 2.5, B 5, C 10. Tarakimu ya kwanza ni wastani wa msukumo, newton 6. Tarakimu ya mwisho ni sekunde za kungoja. Basi ukibonyeza kitufe, baruti ya kusukuma huungua kwa muda usiofika sekunde mbili na kwisha. Roketi bado inakimbia juu kwa kasi iliyopata, ikiacha uzi wa moshi ili walio chini waifuate kwa macho. Sekunde tano zinapita na mwendo unakwisha. Roketi inafika kileleni, inasita, inaanza kuinama, na ndipo moto unapofika kwenye baruti laini. Unasikika mlio mdogo, ncha inachomoka, mwavuli unatoka.

Ufundi wote umo katika sekunde zile za kungoja. Zikiwa chache, mwavuli hufunguka roketi ikiwa bado inakwenda kasi, na upepo huuchana au uzi wake huipasua karatasi ya bomba kuanzia mdomoni kwenda chini. Zikiwa nyingi, roketi huwa imekwisha kugeuza kichwa na kuanza kupiga mbizi. Kwa hiyo kijana anayechagua injini haulizi tu itapanda mita ngapi. Anauliza roketi yake ina uzito gani na itachukua muda gani kusimama hewani, na jibu la hesabu hiyo liko katika tarakimu moja baada ya kistari.

Kampuni ya Model Missiles haikudumu. Estes ndiye aliyebaki na Mabel, na yeye na mkewe Gleda wakaanza kuuza roketi wenyewe kwa njia ya posta. Mwaka 1961 walihamia Penrose, kijiji cha Colorado chenye ardhi ya kutosha kuweka majengo ya baruti mbali mbali, ili ajali ya jengo moja isiwe ajali ya yote. Kutoka Penrose katalogi zilikwenda kila jimbo. Mtoto aliyeishi shambani, maili mia kutoka duka la karibu la vitu vya kuchezea, alijaza fomu, akatia pesa kwenye bahasha, akangoja. Naiheshimu sana biashara hiyo ya bahasha. Iliwafikishia elimu watoto ambao hawakuwa na maabara wala maktaba ya maana. Katika boksi mlikuwa na vipande vya mbao na karatasi ya maelekezo, na asiyesoma maelekezo kwa makini roketi yake haikuruka sawa.

Maelekezo hayo yalikuwa yakieleza sababu ya kila kipande. Mapezi hukatwa kwenye balsa, mbao nyepesi kuliko zote za useremala huu, na nyuzi za mbao lazima zifuate ukingo wa mbele wa pezi. Ukizikata kinyume, pezi huvunjika kwenye mruko wa kwanza. Mrija mdogo, mfano wa kipande cha mrija wa soda, hugundishwa ubavuni ili roketi itelezee kwenye fimbo. Ndani ya bomba huwekwa pete ya kuizuia injini isipite mbele inaposukuma na ndoano ya kuizuia isichomoke kwa nyuma. Ncha hufungwa kwa kamba ya mpira kwenye bomba, maana inafyatuliwa kwa nguvu, na kamba isiyovutika ingeirudisha kwa kishindo au kukatika. Kisha kuna kitu ambacho wageni wa mchezo huu hukidharau: karatasi laini zilizotiwa dawa zisishike moto. Husokotwa kidogo na kusukumwa ndani ya bomba kabla ya mwavuli. Gesi inayotoka kwenye injini ni ya moto mkali na mwavuli ni plastiki nyembamba, na bila karatasi hizo kinachotoka kileleni ni donge lililoyeyuka. Roketi nyingi zimekufa kwa kukosa karatasi mbili tatu za aina hiyo.

Kuukunja mwavuli nako ni kazi ya mkono uliotulia. Plastiki iliyokunjwa usiku wa baridi hukaza na kukataa kufunguka, kwa hiyo wazoefu huipaka poda na kuikunja dakika za mwisho, uwanjani. Siku ya upepo hukata tundu katikati, ili mwavuli ushuke upesi zaidi na usichukuliwe mbali. Na upepo ukizidi kilomita 32 kwa saa, kanuni inasema hakuna kurusha.

Si kila roketi ilihitaji mwavuli. Astron Scout, miongoni mwa roketi za kwanza kabisa za Estes, ilirudi kwa kupinduka. Moto wa mwisho uliisogeza injini tupu nyuma, uzito ukahama, na roketi iliyokuwa imara ikapoteza uimara wake ikashuka ikibiringika hewani kama jani. Zipo ndogo zaidi ambazo ni nyepesi kiasi kwamba hewa yenyewe inatosha kuzipunguzia kasi. Nyingine hutoa utepe mrefu wa rangi badala ya mwavuli. Utepe hushusha haraka, kwa hiyo roketi haipeperushwi mbali, na huonekana vizuri. Wako waliobuni mabawa yanayokunjuka na kuzunguka kama ya helikopta. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 wapo waliounda roketi zinazopanda wima kisha zikageuka ndege na kurudi zikielea bila injini. Hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Chombo kinachofaa kupanda kama mshale hakifai kuelea, na mtu anayejaribu kuvipatanisha vyote viwili hujifunza mengi kuhusu hewa kuliko kitabu kinavyoweza kumfundisha.

Hapo tunafika kwenye swali lililowasumbua wote: nitajuaje kwamba roketi niliyoibuni mwenyewe itakwenda moja kwa moja? Jibu la jumla lilijulikana. Kila roketi ina kitovu cha uzito, mahali inapokaa sawa ukiilaza juu ya kidole. Ina pia kitovu cha pili, ambapo nguvu zote za hewa zinazoipiga ubavuni hujumlishwa. Kitovu cha hewa lazima kiwe nyuma ya kitovu cha uzito, angalau kwa urefu ulio sawa na kipenyo cha bomba. Kikiwa mbele, roketi hugeuka kichwa chini miguu juu mara tu inapoiacha fimbo. Kitovu cha uzito kupatikana ni rahisi. Kitovu cha hewa ndicho kilichokuwa fumbo. Watu walikata umbo la roketi kwenye kadibodi na kutafuta mahali linapokaa sawa, njia ya kubahatisha. Wengine waliifunga roketi kwa uzi na kuizungusha juu ya kichwa waone kama ncha itatangulia.

James Barrowman alikuwa mhandisi wa kituo cha Goddard cha NASA, Maryland, akishughulikia roketi za kupimia anga la juu. Jioni alikuwa mwanachama wa NAR. Mwaka 1966, katika mashindano ya nane ya taifa, yeye na Judith Barrowman waliwasilisha milinganyo iliyogawa roketi katika sehemu zake, ncha, mabega na mapezi, ikahesabu mchango wa kila sehemu, kisha ikatoa kitovu cha hewa kwa penseli na karatasi. Mwanafunzi wa sekondari aliyejua aljebra aliweza kuifuata. Hesabu ile ile ya wataalamu ikashuka mpaka kwa watoto, na haikupunguzwa ukweli wake. Sampo Niskanen, alipoandika programu ya OpenRocket katika tasnifu yake ya mwaka 2009 huko Helsinki, alijenga juu ya msingi huo wa Barrowman, na programu hiyo hutolewa bure kwa yeyote mwenye kompyuta.

Ulaya nayo ilikuwa imeingia. Mwaka 1966 mji wa Dubnica nad Váhom, Chekoslovakia, ulikaribisha mashindano ya kimataifa, na mwaka 1972 mashindano ya kwanza ya dunia yakafanyika Vršac, Yugoslavia. Vita Baridi vilikuwa vimepamba moto, na mataifa yaliyolengeana makombora ya kweli yaliwatuma raia wao kushindana kwa ya karatasi, kupima nani mwavuli wake umekaa hewani muda mrefu zaidi.

Wasomaji wa Malindi na Ngomeni wanazijua roketi kwa sura nyingine. Kuanzia 1967 hadi 1988, kutoka jukwaa la San Marco lililosimamishwa baharini na Waitaliano chini ya Profesa Luigi Broglio, roketi za Scout ziliruka na kubeba setilaiti. Mmojawapo wa mizigo hiyo ni Uhuru, iliyopewa jina hilo kwa kuwa ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya. Scout ilikuwa na hatua nne, na za chini zilipomaliza kazi ziliangukia Bahari ya Hindi na kusahauliwa. Roketi kubwa za enzi hiyo ziliundwa zipotee. Wakati huo huo, mtoto wa miaka kumi na miwili huko Nebraska alikuwa hakubaliwi kurusha roketi yake kama hakuonyesha kwanza itarudi vipi.

Waliokua na mchezo huo walitaka roketi kubwa zaidi, na baruti nyeusi ikawashinda. Ukiishindilia katika bomba pana hupata nyufa, na ufa katika baruti ni mlipuko. Suluhisho lilitoka kwenye makombora ya kweli: fueli ya amoniamu pakloreti iliyochanganywa na unga wa metali na kufungwa kwa mpira. Kwa uzito ule ule hutoa nguvu zaidi ya mara mbili ya baruti. Miaka ya 1970 injini hizo zilianza kuuzwa, miaka ya 1980 zikaenea, na chama cha Tripoli, kilichoanza mwaka 1964 kama klabu ya wanafunzi huko Pennsylvania, kikawa chama cha taifa cha warushaji wakubwa.

Ukubwa ulilifufua tatizo la kushuka kwa sura mpya. Fikiria roketi iliyofika mita 3,000. Ikifungua mwavuli wake kileleni na kushuka kwa mita 6 kwa sekunde, itakaa hewani sekunde 500. Upepo wa mita 5 tu kwa sekunde utaipeleka kilomita mbili na nusu, juu ya misitu, barabara na nyaya za umeme. Sekunde za kungoja zilizoshindiliwa ndani ya injini haziwezi kusaidia hapo. Warushaji wakagawa mshuko mara mbili. Kileleni hutoka mwavuli mdogo unaoituliza tu roketi, ishuke kwa kasi ya mita 25 hivi kwa sekunde. Ikibakiwa na mita 200, unatoka mkubwa. Mshuko mzima unakuwa chini ya dakika mbili na nusu, na upepo ule ule unaisogeza mita mia saba na ushei.

Anayeamua ni kifaa kidogo cha elektroniki chenye barometa. Ubavuni mwa roketi hutobolewa vitundu ili hewa ya nje iingie, na kifaa huisoma ikipungua jinsi chombo kinavyopanda. Shinikizo likifika chini kabisa na kuanza kuongezeka, kifaa kinajua kilele kimepita na kinapeleka umeme. Umeme huo unawasha nini? Gramu chache za baruti nyeusi. Katika roketi yenye fueli ya kisasa na kompyuta ndani yake, mwavuli bado unasukumwa nje kwa baruti, kwa njia ile ile aliyoibuni muuza viatu wa Norfolk.

Fueli hiyo mpya iliwaingiza warushaji mahakamani. Idara ya serikali ya Marekani inayosimamia silaha na vilipuzi ilikuwa imeiweka amoniamu pakloreti iliyochanganywa katika orodha ya vilipuzi. Mtu wa kawaida akalazimika kuwa na kibali na ghala maalumu ili kurusha roketi Jumamosi. Mwaka 2000 NAR na Tripoli, vyama viwili ambavyo havikuwa vimependana sana siku za nyuma, viliungana kuishtaki idara hiyo. Hoja yao ilikuwa ya kifizikia: fueli hiyo huungua, hailipuki. Kesi ilichukua miaka tisa, na vyama vilichangisha fedha za mawakili kwa wanachama wake. Tarehe 16 Machi 2009 Jaji Reggie Walton mjini Washington aliamua kwamba idara haikuwa na msingi, na fueli ikatolewa kwenye orodha. Ushindi huo ulistahili. Watu waliojiwekea sheria kali kwa nusu karne walikuwa na haki ya kusikilizwa walipoeleza hatari iko wapi na haiko wapi.

Shuleni mchezo ulikwenda na mayai. Mwaka 2003, katika kuadhimisha miaka mia ya ndege ya ndugu Wright, NAR na viwanda vya anga vya Marekani vilifanya kwa mara ya kwanza shindano la timu za wanafunzi wa sekondari, na fainali yake ikafanyika The Plains, Virginia. Roketi hubeba yai bichi, au zaidi ya moja. Linapanda hadi kimo kilichotajwa, na lazima lirudi zima. Yai likipasuka, timu haina alama, hata kama roketi ilifika kimo barabara kwa mita. Vijana hutumia majira ya baridi wakipima vitambaa vya miavuli na sifongo za kulifunika yai, na wengi wao wameingia uhandisi kwa mlango huo.

Wiki tano na siku kadhaa baada ya hukumu ya Jaji Walton, tarehe 25 Aprili 2009, mtu mmoja wa Ohio aitwaye Steve Eves alikipeleka shambani, karibu na mji wa Price, Maryland, chombo alichokijenga kwa mikono yake: roketi ya Saturn V, ile iliyowapeleka watu mwezini, katika ukubwa wa sehemu moja ya kumi. Ilikuwa na urefu wa karibu mita 11 na uzito wa kilo 750 hivi. Mkiani zilipangwa injini tisa, nane za daraja la N na moja ya daraja la P katikati. Kutoka C ya watoto hadi P ni herufi kumi na tatu, kila moja mara mbili ya iliyopita. Saturn V ya mwaka 1969 haikurudi: hatua zake za chini zilizama katika Atlantiki. Hii ya Eves ilipanda mita 1,350 mbele ya umati uliojaa uwanjani, ikafyatua miavuli yake, ikarudi kwenye shamba lile lile.